Nyusi ya Kushoto ya Bi Mpira

Saa mbili kasorobo asubuhi Sifongo alikuwa amekwisha kupanga trei yake: vijiti vya mbao kumi na viwili, pamba iliyokatwa vipande, bakuli mbili, taulo tatu, na chupa ya dawa ya kuua vijidudu iliyobandikwa jina na tarehe. Alinawa mikono kwa sekunde ishirini huku akihesabu kwa sauti, kwa sababu kitabu cha mwongozo kilisema ishirini, na yeye hakuwa mtu wa kukipunja kitabu. Kisha akamfunua Bi Mpira taulo la uso ili aanze mazoezi, akakuta ameota chunusi mbili kidevuni.

Bi Mpira alikuwa kichwa cha mazoezi, kimoja tu kwa shule nzima, kilichofungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa kitanda. Hakuwa na nywele, na masikio yake yalikuwa ya kujazia nafasi tu. Miaka na miaka wanafunzi walikuwa wamemsugua, wamempaka na kumkanda hadi ncha ya pua ikaanza kulika.

"Mwalimu," aliita Sifongo, "Bi Mpira ana chunusi."

Mwalimu ndiye aliyekuwa na saluni na ndiye aliyekuwa na shule, maana vyote viwili vilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Alikuja, akainama, akavaa miwani.

"Kichwa kikikaa sana na watu huanza tabia zao," alisema. "Andika kwenye kadi: ngozi ya mafuta. Na usizibinye."

Sifongo aliandika. Hakuzibinya.

Jina hilo la Sifongo alipewa na wenzake kwa jinsi alivyonyonya kila kilichoandikwa. Ukimgusa tu, kitabu kinachuruzika. Ungemuuliza tofauti ya kusafisha na kutakasa wakati anakula, angekueleza yote na kutafuna asiache. Mtihani wa leseni ulikuwa umebakiza wiki saba. Bila leseni huruhusiwi kugusa uso wa mtu kwa malipo, na nyumbani alikuwapo bibi yake, ambaye miguu ilikuwa imegoma na macho yalikuwa njiani kugoma. Maisha ya wote wawili yalining'inia kwenye karatasi hiyo moja.

Zamani aliyewalisha alikuwa mama mdogo. Alikuwa karani katika ofisi ya maji, mcheshi, mpenda kupendeza, na ndiye aliyemlea Sifongo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Miaka miwili iliyopita jicho lake la kushoto lilianza kuvimba siku ya Ijumaa, na Jumanne akafa. Hospitali waliuliza na kuuliza chanzo. Uso ulikuwa umefura, nyusi zimekolezwa wanja wa harusi ya mwenzake wa kazini, na hakuna aliyekuwa na jibu. Labda mdudu, familia ilisema. Basi akawa mdudu.

Mwalimu alikuja msibani. Mama mdogo alikuwa mteja wake, na Mwalimu alimlilia kwa kilio hata watu wawili hawakutosha kumshika. Hata wageni hawajatawanyika, alimwambia bibi kwamba binti huyu atamfundisha mwenyewe, bure, mpaka leseni. Watu walisema wema wa namna hiyo umekuwa adimu, na Sifongo alilala akiutaja wema huo na kuamka akiutaja.

Wiki ya pili Bi Mpira alikauka midomo ikabanduka. Wiki ya tatu aliungua na jua kwenye daraja la pua, ingawa hakuwahi kutoka nyuma ya pazia. Wanafunzi walifurahi, kwa sababu ni taabu kujifunza ngozi kwenye kitu kisicho na ngozi.

"Mungu ampe na madoa," alisema Kucha, mwanafunzi aliyeitwa hivyo kwa sababu kila Jumatatu alirudishwa nyumbani kukata zake. "Madoa hutoka sana kwenye mtihani."

Wiki ya nne Sifongo alikuwa akimkanda mashavu, vidole vikienda juu na nje kama mwongozo unavyotaka, akahisi kibonyeo upande wa kulia. Mikono yake ilikijua kabla ya macho. Ni kibonyeo cha mtu aliyeangukia ndoo akiwa na miaka sita. Akamfuta krimu, akatazama. Chini ya taya palikuwa na baka dogo jeusi, na katikati ya nyusi, mistari miwili ya mtu anayesoma mita za maji bila miwani.

"Shikamoo mama mdogo," alisema, akaendelea kukanda.

Bi Mpira hakujibu, maana mdomo wake haukutengenezwa kufunguka. Lakini shavu lilipata joto.

Jumanne ile Sifongo alimleta bibi yake, hatua kwa hatua, ameegemea bega lake. Mwalimu aliwawekea kiti. Bibi alimpapasa Bi Mpira uso mzima, polepole, na alipofika kwenye nyusi ya kushoto vidole vyake vilisimama kidogo kabla ya kuendelea.

"Amekonda," alisema.

"Ndivyo walivyo wakirudi," alisema Mwalimu, na akaenda kumpokea mteja.

Alhamisi asubuhi palikuwa na chale chini ya nyusi ya kushoto. Haikuwa kubwa. Ilikuwa imenyooka, nyembamba kama uzi, mahali hasa ambapo wembe hupita mtu anapotengenezwa nyusi. Ijumaa pembeni pake palikuwa pekundu. Jumamosi jicho lilifumba na mpira ukawa wa moto mpaka Kucha akavaa glavu mbili. Jumatatu uso wote ulikuwa umejaa, ngozi imevutika inang'aa. Jumanne saa nne asubuhi ulipoa. Jumatano Bi Mpira alikuwa mpira mtupu, hana chunusi, hana baka, hana mtu.

Alhamisi chale ikarudi.

Sifongo hakushangazwa na kichwa. Vichwa vina tabia zao. Kilichomfanya akae chini sakafuni, palepale, na trei mapajani, ni kwamba alijua jibu. Swali lilikuwa ukurasa wa arobaini na mbili: mkato ulionyooka chini ya nyusi, ukifuatiwa na wekundu, joto na usaha ndani ya siku mbili, husababishwa na nini? Alikuwa amelijibu mara kumi kwenye mazoezi na kupata alama zote mara kumi. Wembe uliokwisha kutumika kwa mtu mwingine. Alikuwa akilisoma swali hilo kila siku bila kujua kwamba anasoma habari za nyumbani kwao.

Alikumbuka pia kwamba Alhamisi ile mama mdogo alirudi nyumbani akijitazama kwenye kioo cha mkoba, akasema, "Nimetoka kwa Mama Saluni. Nimekuwa mtu sasa." Mama Saluni ndilo jina ambalo wateja walimwita Mwalimu.

Sifongo alijipa moyo. Saluni ile ilikuwa na karatasi ya usafi ya kila wiki, inayoning'inizwa ukutani wateja waione, na mwongozo unataka karatasi hizo zitunzwe miaka mitatu. Zilikuwa kwenye faili kabatini. Wakati wenzake wamekwenda kula, alilifungua, akarudi nyuma wiki moja moja, mpaka akaipata. Alhamisi. Vifaa vimechemshwa: tiki. Dawa imebadilishwa: tiki. Wembe mpya kwa kila mteja: tiki.

Alishusha pumzi. Kisha akazitazama zile tiki vizuri. Zilikuwa na mkia mrefu uliojikunja mwishoni, tiki za mtu anayeupenda mwandiko wake.

Zilikuwa zake.

Ilikuwa likizo baada ya kumaliza shule. Alikuwa anakuja kufagia nywele na kukunja taulo, na mama mdogo ndiye aliyemtafutia kikazi hicho. Jumatatu ya wiki ile Mwalimu alimpa kalamu, akamwambia, una mwandiko mzuri, mwanangu, jaza wiki nzima tusisumbuke. Naye akajaza, Jumatatu mpaka Jumamosi, huku anaimba. Wembe wa Alhamisi aliutilia tiki siku tatu kabla mtu hajaushika.

Badala ya kulirudisha faili mahali pake, alilikumbatia.

Mwalimu aliporudi alimkuta hivyo. Akaliona faili, akaiona na tarehe yake, akavuta kapu la taulo safi, akaanza kukunja.

"Mwalimu, wembe wa siku ile ulikuwa mpya?"

"Nyembe ziliisha Jumanne," alisema Mwalimu. "Saluni imefurika, watu wana harusi, kila mmoja anataka nyusi. Nikaufuta kwa pamba. Dada aliyemtangulia alikuwa na kijipu hapa." Akajigusa juu ya jicho. "Sikukitilia maanani."

"Ulijua lini?"

"Niliposikia jicho limevimba. Ijumaa jioni, kama sikosei."

Sifongo alizihesabu siku kwa vidole, kama mtoto. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. "Hospitali walikuwa wanauliza chanzo," alisema. "Jumamosi waliuliza. Jumapili waliuliza tena. Mimi nilikuwepo, Mwalimu. Walikuwa wanatuuliza mpaka sisi tunachoka kusema hatujui."

"Ningesema, wangefunga hapa. Wanafunzi kumi na mmoja wangekwenda wapi?" Mwalimu alilinyoosha taulo, akalikunja mara tatu, kingo kwa kingo. "Nilikuja msibani. Nikakuchukua, nikakufundisha bila kukudai hata pamba. Sasa mwanangu, ulitaka nifanye nini zaidi?"

Aliuliza kwa dhati, kama mtu ambaye angepewa wazo zuri angelifuata. Sifongo alikuwa amejiandaa kwa kukana, kwa machozi, hata kwa kofi. Hakujiandaa kwa taulo.

"Na fomu yako ya saa za mafunzo iko wapi?" alisema Mwalimu. "Lete niitie saini kabla hatujasahau."

Fomu ile ilihitaji saini ya mwalimu na ya mwalimu tu. Bila hiyo hakuna kukanyaga ukumbi wa mtihani. Mkono wa Sifongo uliitoa kwenye mkoba kabla yeye hajakata shauri. Mwalimu akatia saini, akapuliza wino.

Jioni alimweleza bibi yake yote, amepiga magoti mbele ya kiti, maneno yakimtoka vipande vipande. Alingoja mayowe. Alikuwa tayari kumshika asianguke.

Bibi alimwachia amalize.

"Nilijua msibani," alisema. "Mtu halii vile kwa sababu ya mteja."

"Bibi!"

"Usinipigie kelele, masikio bado ninayo."

"Ulijua, ukaniacha niende kule? Kila siku? Nile naye, nimwite Mwalimu?"

"Mmoja alikuwa ameshakwenda," alisema bibi. "Wewe ulikuwa bado upo, na huna ufundi wowote. Nilipima, nikaona nichukue kilicholetwa." Akanyoosha mkono akamtafuta kichwa, akamkuta, akamshika. "Hilo la tiki ndilo sikulijua. Hilo pole, mjukuu wangu."

Sifongo alikaa palepale chini mpaka chumba kikawa giza. Alikuwa ameingia nyumbani na vitu viwili vizito, wembe na tiki, akitafuta wa kumsaidia kuvibeba, na sasa vilikuwa vitatu.

Mtihani uliangukia Jumamosi. Barua ilisema kila mtahiniwa atumie mteja wa mfano aliyemsajili, na Sifongo alikuwa amesajili kichwa cha mazoezi, kimoja. Kucha alikuja na dada yake, mwenye madoa mazuri ya mtihani. Sifongo alikuja na Bi Mpira kwenye kapu, amefunikwa taulo, jicho la kushoto limefumba na usaha ukianza kuchungulia chini ya nyusi.

Alifunga skrubu. Alipanga trei. Alinawa kwa sekunde ishirini, hakuhesabu kwa sauti. Msimamizi alifika na ubao wake wa kuandikia, mwanamke nadhifu mwenye kola iliyopigwa pasi, akamfunua Bi Mpira, akamtazama kama anavyotazama kila kitu.

"Eleza unachokiona."

"Uvimbe wa jicho la kushoto. Wekundu, joto, usaha. Mkato chini ya nyusi, siku ya tatu."

"Hatua?"

"Simgusi. Sipaki kitu, sifuti kitu. Namwelekeza hospitali leo hii, na ninawaambia chanzo."

Msimamizi aliandika. "Vizuri sana. Wengi hapa hukimbilia kupaka."

"Chanzo ni wembe wa mwalimu wangu," alisema Sifongo. "Huyu ni mama yangu mdogo. Alikufa Jumanne, miaka miwili iliyopita. Wembe ulitumika kwa mtu mwingine kabla yake, na mwalimu alijua, na amekiri kwa mdomo wake."

Kalamu ya msimamizi ilisimama. Alifungua mkoba wake, akatoa faili la shule, akalipekua bila haraka mpaka akaifikia nakala ya wiki ile, kwa sababu watu wa leseni wanatunza nakala za kila kitu. Alipitisha kidole kwenye mstari wa Alhamisi.

"Hapa hakuna kosa," alisema. "Wembe mpya kwa kila mteja. Imejazwa."

"Mimi ndiye niliyeijaza!"

"Basi wewe ndiye unayejua zaidi kwamba imejazwa," alisema msimamizi, kwa upole kabisa, na akamgeuzia karatasi aone, mikia yote ile iliyojikunja imepangana vizuri. "Kadi ya mteja umeiandika?"

Sifongo hakusikia. Aliulizwa mara ya pili. Aliiandika kadi, kwa sababu mkono ulikuwa unajua njia: tarehe, hali ya ngozi, hatua iliyochukuliwa. Kwenye nafasi ya maoni aliandika kwamba mteja amefariki. Msimamizi akasema hilo halina alama, lakini linaweza kubaki. Akamfunika Bi Mpira taulo, akaenda kitanda cha pili, ambako Kucha alikuwa akiulizwa juu ya kucha.

Matokeo yalitoka baada ya wiki tatu. Sifongo alikuwa wa kwanza katika kikao chake. Alama za usafi zilikuwa mia kwa mia, na barua ilisifu namna alivyokataa kumgusa mteja mgonjwa. Mwalimu aliibandika barua hiyo dirishani upande wa barabarani. Wiki hiyo waliandikishwa wanafunzi wapya sita.

Leseni ya mwaka wa kwanza hutumika chini ya aliyekufundisha, si kwingine. Kwa hiyo Jumatatu Sifongo alikuwa pale, koti jeupe, jina kifuani, mkobani pakiti ya nyembe mpya aliyoinunua mwenyewe. Nusu ya pakiti aliiweka kwenye trei yake na nusu kwenye trei ya Mwalimu. Ukutani ilining'inia karatasi ya wiki, tupu. Mwalimu alimpa kalamu.

"Jaza wiki nzima, mwanangu, tusisumbuke."

Sifongo alijaza Jumatatu, akairudisha kalamu. Mwalimu hakugomba. Aliipokea huku akiendelea kuongea na mteja habari za mvua, akatia tiki Jumanne mpaka Jumamosi, akikunja mikia vizuri ili zifanane.

Alhamisi asubuhi, juu ya rafu alikowekwa ili kuwapisha wanafunzi wapya na kichwa chao kipya, chale ilijifungua chini ya nyusi ya Bi Mpira. Sifongo alimwekea kitambaa cha uvuguvugu, kama alivyomfanyia kila Alhamisi. Nyembe za kwenye trei ya Mwalimu zilikuwa saba, zote zimo ndani ya karatasi zake, kama zilivyowekwa Jumatatu.

Kitanda cha Mwalimu kililaliwa na msichana aliyekuwa na harusi ya rafiki yake. Mwalimu alichukua wembe kwenye bakuli, akaufuta kwa pamba.

"Mwalimu," alisema Sifongo, kwa sauti ambayo saluni nzima iliisikia, "nyembe mpya ziko hapo kwenye trei."

"Nimeziona, mwanangu."

Msichana aliinua kichwa kidogo. "Kwani huo si mpya?"

Mwalimu alimwonyesha ukutani kwa kidevu. Msichana aliisoma karatasi, akifuata mstari wa Alhamisi mpaka mwisho.

"Kumbe," alisema. "Na mwandiko mzuri." Akalaza kichwa, akafumba macho.